Marguerite Mwenye Mkono Mmoja

Hippolyte hakuwa na baiskeli. Hakuwa na saa ya mkononi, wala ya mezani, wala ile ya ukutani inayotoa ndege mdogo kila saa ili awasute watu kwa uvivu wao. Hakuwa na redio, hakuwa na gramofoni, hakuwa na mashini ya kushona, hakuwa na kalamu inayobeba wino wake yenyewe, hakuwa na jiko linalowaka bila kuni. Hakuwa na miwani, na aliitamani sana, ingawa macho yake yalikuwa mazima kabisa; aliitaka kwa ajili ya heshima. Na baada ya miaka minne ya ndoa iliyofungwa kanisani mbele ya mashahidi, hakuwa na mtoto. Hili la mwisho yeye hakulitia katika hesabu yake, lakini watu walikuwa wakimhesabia.

Alichokuwa nacho ni katalogi.

Katalogi hiyo ilifika Kasongo mwaka wa hamsini na tatu, ndani ya sanduku la vipuri vya mizani, kwenye bohari ya pamba alikokuwa karani. Mzungu wa bohari aliitupa pamoja na nyasi zilizozuia vipuri visigongane njiani. Hippolyte akaiokota, akaipangusa, akaipeleka nyumbani ameikumbatia kifuani. Kurasa mia tatu na kumi na mbili, kila ukurasa na picha zake, kila picha na maneno yake ya Kifaransa. Mchana alipima pamba ya watu. Jioni, akitoka shule ya watu wazima, alisoma katalogi. Kuna wanaosoma maisha ya watakatifu. Yeye alisoma maisha ya majiko.

Huko Ulaya, watengenezaji wa vyombo walikuwa na desturi moja ya ajabu: walivipa vyombo vyao majina ya wanawake. Gramofoni iliitwa Marguerite. Redio iliitwa Cécilia. Jiko la mafuta liliitwa Odile. Hippolyte aliona ni jambo la adabu. Chombo kinachofanya kazi kila siku bila kunung'unika kinastahili jina la Mkristo.

Sasa mwalimu wake wa jioni, Jean-Baptiste, mtu mkali aliyeweka chaki nyuma ya sikio kama seremala anavyoweka penseli, aliwaagiza wanafunzi wake waandike mistari mitano kila siku juu ya jambo wanalolipenda, ili mkono uzoee kalamu. Aliwafundisha Kiswahili bora, kile cha vitabuni, ambamo mtu "ana", kiti "kina" na nyumba "ina". Lakini kwetu Maniema kinywa kinasema "iko" kwa yote. Mutu iko, mbuzi iko, mvua iko, Mungu iko. Jean-Baptiste alisema "iko" ni chungu cha mvivu: nyama, mboga na jiwe, vyote hutupwa humo pamoja, halafu mlaji avunjike meno. Hippolyte aliitikia darasani. Akifika nyumbani, aliandika daftarini mwake vile vile alivyosema kinywani mwake. Aliandika hivi:

"Marguerite iko na sauti tamu sana. Iko na mukono mumoja tu, lakini ukiushika na kuuzungusha polepole, inaimba mupaka unasahau njaa. Cécilia iko na jicho moja, la kijani. Ukigusa Cécilia kidogo, ile jicho inafunguka. Odile iko na tumbo kubwa na miguu mitatu. Haina moshi, haina kelele, haichoki. Siku moja nitaleta wote watatu ku nyumba yangu, na nyumba yangu itakuwa nyumba."

Alhamisi moja alirudi kutoka bohari akakuta mafiga yamepoa. Si kupoa kwa moto uliochelewa kuwashwa. Majivu yalikuwa yamezolewa, fagio limesimamishwa ukutani, chungu kimefunikwa kifudifudi. Sanduku la nguo la mkewe, Pascaline, halikuwepo. Akasimama mlangoni, akaita mara moja. Aliyeitika ni jirani yake Mwamvita, mjane mtu mzima wa Kiislamu, aliyekuwa akipepeta mchele uani kwake bila kuinua uso.

Mwamvita alimweleza kwamba Pascaline amepanda kamyo, lile lori la pamba, tangu asubuhi, amekwenda kwao Wamaza, sanduku kichwani na daftari kifuani. Na ameacha salamu.

"Bibi yako amesema uende kwa Marguerite akupikie," alisema Mwamvita. "Na kama mukono mumoja inamushinda kusonga bugali, Odile atamusaidia."

"Marguerite gani?"

"Unaniuliza mimi? Ni mimi niko na wanawake watatu?"

Hippolyte alikaa chini pale pale kizingitini. Pascaline alijua kusoma. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha, herufi kwa herufi, mwaka wao wa kwanza, akijigamba kwa wenzake kwamba nyumba yake ina wasomaji wawili. Mtu anoaye kisu asishangae kikikata. Akaanza kucheka, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha, lakini Mwamvita hakucheka naye. Alimwambia jambo la pili, na kicheko kikafa. Kaka yake Pascaline, Zéphirin, alikuwa katekista. Pascaline alikuwa amesema kwamba Jumapili Zéphirin atalipeleka daftari kwa Padri.

Kila Mkristo wa nyakati zile alijua maana yake. Mwanamume mwenye wanawake watatu jina lake husomwa kanisani. Na jina likishasomwa, wakwe hurudisha mahari, na aliyekuwa mkeo anakuwa binti wa watu tena, kama hamkuwahi kula sahani moja. Tena ndoa isiyo na mtoto ni nyumba isiyo na nguzo ya kati. Haihitaji upepo mkubwa. Hippolyte hakuogopa kanisa. Aliogopa Jumapili.

Kesho yake kabla ya jua aliazima baiskeli kwa Ismaël, mfanyabiashara wa sokoni, baiskeli ambayo breki yake ilikuwa viatu vya mpandaji. Alimwomba kapita, msimamizi wa vibarua, amshikie mizani, jambo lililoweza kumnyima kazi. Akaifunga katalogi kwa kipande cha turubai, akaifunga tena kwa majani ya mgomba, akaifunga mgongoni kama mama anavyombeba mtoto mwenye homa. Njia nzima hakuogopa kuanguka. Aliogopa kuanguka chali. Mvua ilimkuta Ijumaa mchana. Aliihamishia katalogi kifuani, akainama juu ya usukani, akaupa mgongo mvua yote, na kila alipopumzika aligusa turubai kwanza, ndipo akajigusa miguu. Usiku alilala kwa watu asiowajua. Jumamosi alasiri, tope mpaka magotini, aliingia Wamaza.

Ndugu wa mkewe walikuwa wamejaa uani. Walimpa maji. Hawakumpa kiti.

Baba mkwe wake, mzee Lukumani, alikaa katikati ya ua, mkongojo kati ya magoti. Zéphirin alikaa kulia kwake, amevaa miwani, na daftari limelala mapajani. Pascaline alikaa mbali kidogo, mlangoni, amegeuza bega. Mama mkwe hakuonekana, kwa kuwa kwa desturi ya kwao mama hakai uso kwa uso na mume wa binti yake. Alikuwa nyuma ya ukuta wa matete wa jikoni, na ukuta wa matete hauzuii sauti, wala hauzuii hasira.

Zéphirin alifungua daftari akalisoma lote, neno kwa neno, kwa sauti ile ile anayosomea waraka wa mitume. Alipofika kwenye jicho la kijani, mtu mmoja nyuma alicheka, akajikohoza. Alipofika kwenye tumbo kubwa, hakuna aliyecheka. Tumbo kubwa la mwanamke, katika nyumba isiyo na mtoto, lina maana moja tu.

Sauti ikatoka nyuma ya matete. "Mukwe wetu. Nilikupa mutoto mwenye mikono mbili, macho mbili, miguu mbili. Kitu gani ilipunguka, ukaenda kuokota moja moja?"

Hippolyte aliinama, akaeleza. Alisema hao si watu. Ni vyombo, vyombo vya chuma vya Ulaya. Marguerite ni sanduku la kuimba, Cécilia ni sanduku la kusema, Odile ni jiko. Alieleza vizuri, na kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo alivyozidi kufanana na mwongo aliyejiandaa njiani siku mbili.

"Shemeji," Zéphirin alimkatiza kwa upole, "tangu lini jiko linabatizwa?"

Hapo Hippolyte alifungua mzigo wake. Turubai lilikuwa limelowa lakini karatasi zilikuwa kavu, naye akamshukuru Mungu moyoni. Alijua ukurasa bila kutafuta. Akaufungua, akauweka mbele ya Zéphirin, akaelekeza kidole. "Soma mwenyewe. Marguerite."

Zéphirin alitazama. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Kisha akakigeuza kitabu ili na mzee aone.

Kwenye picha kulikuwa na mwanamke. Mzungu, kijana, mabega wazi, nywele zimepindwa kwa chuma cha moto, amelaza kiwiko juu ya meza na anatabasamu. Na chini yake, kwa herufi kubwa kama za sandukuni: MARGUERITE. Hippolyte aliuona ukurasa ule mara mia, na naapa kwa niaba yake kwamba hakuwahi kumwona yule mwanamke. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye sanduku lililokuwa kando ya kiwiko. Sasa alimwona.

Nyuma ya matete mama mkwe aliuliza wameona nini. Mtu akamwambia. Sauti ikauliza polepole, "Muzungu?"

Neno hilo lilibadilisha ua mzima. Waliokuwa wamekaa walisimama. Hili halikuwa tena jambo la Padri. Mtu mweusi aliyeandika daftarini kwamba amemshika mwanamke wa Kizungu mkono akamzungusha polepole, daftari lake lingefika kwa bwana mkubwa wa teritware, mtawala wa Kizungu wa wilaya, kule Kabambare, na kutoka hapo mtu haulizwi maelezo. Wala asingefungwa peke yake. Wangeulizwa waliolisoma, na waliolisikiliza, na wenye ua liliposomewa. Zéphirin alilifunga daftari upesi kama aliyefunika moto kwa mkono. Mtu alisema lichomwe. Mwingine alisema achomwe na katalogi yake. Pascaline alikuwa amegeuka sasa, uso wote, akimwangalia mumewe, na Hippolyte aliona katika macho yale kitu ambacho hakukitegemea: alikuwa anamwogopea.

"Lete hapa," alisema mzee Lukumani.

Mzee hakujua kusoma hata herufi moja. Alikuwa amepita maisha yake akisikiliza kesi za mbuzi na mipaka ya mashamba, na alijua kwamba shahidi husema zaidi ya anavyotaka. Aliivuta katalogi karibu na uso, akaitazama kwa muda mrefu.

"Zéphirin. Huyu mwanamuke iko na mikono ngapi?"

"Mbili, baba."

"Daftari inasema ngapi?"

Zéphirin alifungua tena, kwa ncha za vidole. "Inasema mumoja."

"Basi hapa kwa picha, kitu gani iko na mukono mumoja?"

Kidole cha Zéphirin kilishuka begani mwa yule mwanamke, kikapita kiwiko, kikazunguka meza, kikafika kwenye sanduku. Ubavuni mwa sanduku kulikuwa na mpini wa chuma uliopinda, wa kuzungushia. Kidole kikasimama hapo. Watu waliinama wote pamoja mpaka vichwa vikagongana.

Mzee aliagiza watafutwe na hao wengine. Zéphirin alifunua kurasa mwenyewe, kwanza kwa uso wa hakimu, kisha kwa uso wa mtu aliyeingia dukani. Walimkuta Cécilia, sanduku la mbao lenye kijitundu cha kioo cha kijani juu ya paji lake. Walimkuta Odile: tumbo la shaba, miguu mitatu, na hapakuwa na mwanamke karibu yake, ila sufuria.

"Haina moshi kweli?" iliuliza sauti nyuma ya matete, na haikuwa tena sauti ya mama mkwe, ilikuwa sauti ya mtu aliyepikia kuni mbichi miaka arobaini.

"Ni hivyo wanaandika, mama," alijibu Hippolyte.

Hapo ndipo kiti kililetwa. Mtu alicheka, na safari hii wote walimfuata, kicheko cha watu waliopita kando ya nyoka. Mzee alitamka kwamba kesi imekwisha, kwamba mkwe wao ni mjinga lakini si mzinzi, na kwamba kesho binti achukue sanduku lake arudi kwake. Hippolyte aliketi.

Pascaline alisimama.

"Nimesikia, baba. Si wanawake," alisema. "Kwangu hiyo iko mubaya zaidi."

Akamgeukia Hippolyte.

"Kama ingekuwa mwanamuke, ningesema anakupa kitu mimi sina," alimwambia mumewe. "Lakini hii ni vyuma. Miezi sita unaandika vyuma. Sauti tamu. Haichoki. Jicho inafunguka. Mimi ninafungua macho kila asubuhi mbele yako, Hippolyte. Jina yangu iko fasi gani mu hii daftari?"

Hippolyte alilichukua daftari akaanza kufunua, akijua hatalikuta, kwa sababu kukaa bila kufanya lolote kulikuwa kugumu zaidi. Zéphirin aliegemea bega lake akamsaidia kutafuta. Walilikuta. Lilikuwa ukurasa wa mwisho kabisa, limeandikwa kwa penseli, kwa haraka: "Pascaline: chumvi, sabuni moja."

Hakuna aliyelisoma kwa sauti, lakini Pascaline alikuwa amekwisha kulisoma siku nyingi.

Alisema harudi kesho. Hakulia wala hakufoka. Alisema atarudi siku atakayosoma jambo lingine. Mzee alipiga mkongojo chini, akalaumu mtu yeyote anayefundisha wanawake kusoma, na akamtazama mkwe wake aliposema hivyo. Jumapili baada ya misa Hippolyte alipanda baiskeli ya Ismaël peke yake. Katalogi aliiacha, kwa kuwa Zéphirin alikuwa hajaimaliza, na aliyekuwa nyuma ya matete alitaka kuelezwa tena juu ya Odile. Njiani mgongo wake ulikuwa mwepesi, wepesi wa kuudhi.

Kamyo la kwenda Wamaza hutoka Kasongo mara moja kwa juma, Alhamisi asubuhi. Jumanne, saa ya mapumziko, Hippolyte alikaa juu ya magunia ya pamba, akafungua karatasi mpya. Aliandika: "Pascaline iko na sauti tamu." Akaona ni sifa ya gramofoni aliyomvika mkewe kama nguo ya kuazima. Akaichana. Akaandika kwa Kiswahili bora cha Jean-Baptiste, na barua ikawa kama ya mtu anayemwomba bwana mkubwa ruhusa ya kusafiri. Akaichana nayo.

Ndipo alipopata hofu ya kweli, kubwa kuliko ile ya uani. Alijua Marguerite akizungushwa mara ngapi huimba wimbo mmoja mpaka mwisho. Alijua Odile hunywa mafuta kiasi gani kwa saa. Lakini mkewe hubeba mtungi kwa bega gani, hakujua. Jumatano alimpima mtu pamba yake mara mbili, akili yake iko Wamaza. Aliporudi nyumbani alianza kuitazama nyumba kama alivyokuwa akitazama katalogi: kitu kimoja kimoja, polepole, akisoma. Mtungi ulikuwa na alama za vidole vya mkono wa kushoto; basi ulibebwa bega la kushoto. Ungo wa mchele uliwekwa juu, mbali na panya, mahali ambapo mtu mfupi angelazimika kupanda kigoda, na Pascaline alikuwa mfupi. Na kigoda kile kilikuwa mahali pake, pembeni, gizani.

Kwa nini gizani? Nyumba ilikuwa na taa moja ndogo ya mafuta. Taa ilikaa mezani, upande wake yeye, alipokuwa akisoma. Akajaribu kukumbuka ni nani aliyeiweka upande huo. Hakuwahi kuiweka yeye. Kila jioni kwa miaka minne ilikuwa ikija yenyewe, na mwanga wake ulimtosha. Na huko pembeni mtu alikuwa akitoa mawe kwenye mchele kwa vidole, kwa kupapasa, akiimba nusu ya wimbo mmoja kwa sababu nusu ya pili haijui. Na katika miaka minne ile Hippolyte hakuwahi kutafuna jiwe.

Usiku ule ule aliandika kwa mara moja, bila kuchana. Aliandika juu ya bega la kushoto na kigoda na nusu ya wimbo. Aliandika juu ya taa, na hapo kalamu ilisimama kwa muda, kisha ikaendelea. Na mwisho aliandika jambo ambalo hawakuwahi kulisema kwa kinywa: "Watu wanatuhesabia kile hatuna. Mimi sijakuhesabia hata siku moja, na sitaanza. Taa nitaiweka katikati."

Alhamisi asubuhi alikunja barua, akaitia katika bahasha. Kwa desturi barua huandikiwa mwenye ua, naye hutafuta msomaji, na msomaji huisomea familia nzima. Hippolyte aliwaza sauti ya Zéphirin ikisoma juu ya bega la kushoto mbele ya mzee na mkongojo wake, na masikio yakamwaka. Alifikiri kufuta. Kisha akaandika juu ya bahasha, kwa herufi kubwa: "Bibi Pascaline, Wamaza. Asome mwenyewe." Akapaka ukingo wa bahasha uji mzito wa muhogo, akaukandamiza kwa jiwe la mizani la kilo mbili, akahesabu mpaka mia.

Kamyo lilikuwa linaunguruma barabarani. Roger, dereva, alinyoosha mkono dirishani, akasoma maandishi ya juu, akainua nyusi.

"Ni kwa muke?" aliuliza. "Si kwa baba yake?"

"Ni kwa muke," alisema Hippolyte, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Mukono kwa mukono, Roger."

Roger alivua kofia yake, akaitia barua ndani, akavaa kofia, akaondoa gari.